Mafungo Yanapimwa Jumanne: Mwongozo Kamili wa Kwenda Mafungo ya Kanisa na Kurudi Nayo Nyumbani

Dada mmoja wa kanisani kwetu alifika kwenye mafungo yake ya kwanza Ijumaa jioni akiwa hajatia kitu mdomoni tangu Alhamisi usiku. Alisikia "mafungo" akaelewa "mfungo". Alipoona masufuria ya wali na maharage yanateremshwa jikoni, alikaa chini pale pale kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tukamkorogea uji kwanza, maana tumbo lililoshinda njaa hulishindilii wali. Kisha tukamweleza kwamba mafungo ni kujitenga na shughuli zako ukae na Mungu kwa siku mbili tatu. Kufunga chakula ni jambo jingine, na nitalifikia.

Naandika kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa wale ambao wameshakwenda mara tano na bado wanajiuliza mbona hakuna kinachobaki. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi, na kanisani nipo kwenye kamati ya akina mama inayoandaa mafungo kila mwaka. Si mchungaji. Nilichonacho ni makosa mengi niliyoyafanya mwenyewe na machache niliyoyaona kwa wenzangu.

Shika neno moja tangu mwanzo. Mafungo hayapimwi kwa usiku ule wa Jumamosi mlipolia wote. Jumapili bado unaimba kwenye gari. Jumatatu bado unawasimulia majirani. Jumanne ndiyo siku ambayo mteja anakutolea maneno, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule, na dagaa wako wananyeshewa kichanjani. Kila unalolifanya kwenye mafungo, lifanye huku unaitazama hiyo Jumanne.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kwa kuutazama mwezi

Kamati nyingi hupanga tarehe kwa kalenda ya ofisini: mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, twende. Kwa watu wa mshahara ni sawa. Kwetu ziwani hesabu ni nyingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, kwa hiyo siku za mwezi mpevu maboti mengi hupumzika. Mvuvi yuko nyumbani, mkewe yuko nyumbani, mchuuzi hana cha kununua. Mwaka wa kwanza tuliweka mafungo kwenye giza, wiki ambayo ziwa linatoa. Tulikuja wachache, na katika hao wachache nusu walikuwa wanatoka nje kila saa kupokea simu za bei. Tulipohamia kwenye mwezi mpevu tukakosa mahali pa kulaza watu.

Kuna faida ya pili. Pasaka yenyewe inahesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Na Pasaka ya Wayahudi ilikuwa katikati ya mwezi wa kuandama, maana yake usiku ule Yesu alipokuwa Gethsemane mwezi ulikuwa mpevu, au karibu. Watoe watu nje Jumamosi usiku, waache taa ndani, wasomewe Marko 14 chini ya mwezi huo huo. Hutahitaji mhubiri.

Kama kundi lenu lina wakulima, epukeni Novemba na Desemba. Mvua zimeanza na watu wa Kasulu na Buhigwe wako shambani. Juni hadi Agosti ni kukavu, na mavuno yameshaingia.

Na akitokea mtu wa kuuliza kwa nini aache kazi siku tatu nzima, mkumbushe mwaka 2024. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika upande wetu, miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaliana. Tulinung'unika, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini hoja ilieleweka hata kwa asiyesoma: ziwa linalovuliwa bila kupumzishwa linaisha. Mtu naye ni hivyo hivyo. Yesu aliwaambia wanafunzi waende kando wapumzike kwa sababu watu walikuwa wakija na kwenda hata nafasi ya kula hawakuipata. Iko Marko 6:31, na hiyo ndiyo picha ya mwalo wetu saa moja asubuhi.

Hatua ya pili: funga hesabu za nyumbani

Mwanamke anayeondoka nyumbani bila mpango huyo hayuko mafungoni, yuko nyumbani kwa mawazo. Zungumza na mwenzako wiki mbili kabla, siyo Alhamisi usiku ukiwa unapanga kanga kwenye begi. Acha hela ya matumizi ya siku tatu, iwe mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Mwambie mtu nani ataangalia mzigo. Kama kuna mgonjwa, waachie wa nyumbani namba ya mtu mmoja wa kamati. Simu yako wewe itakuwa imezimwa na ya kwake itakuwa imewashwa. Hili la simu tulilitatua hivyo baada ya kugombana miaka miwili. Kuzinyang'anya kunawatia watu wasiwasi, na kuziacha kunawamaliza. Simu moja ya dharura kwa kundi zima inatosha.

Kama kuna mtu mmekosana, nenda kwake kabla. Mathayo 5:23 na 24 haisemi umwombee ukiwa huko, inasema uiache sadaka uende ukapatane. Akikataa kupatana umeshafanya sehemu yako.

Cha kubeba: Biblia ya karatasi, daftari, kalamu mbili (moja utaazimwa na haitarudi), shuka zito kama mnaenda upande wa milimani kwa sababu kule kuna baridi ambayo sisi wa ziwani hatuijui, dawa zako zote, sabuni, kandambili. Acha vitenge vya kushindana. Sijui kwa nini lazima niliandike hili, lakini lazima.

Hatua ya tatu: usiku wa kwanza, lala

Waandaaji wana ugonjwa wa kuanza na mkesha. Watu wamefika wamechoka, wametoka mwaloni alfajiri, wamepanda gari lenye vumbi, halafu saa nne usiku mnawasimamisha waombe mpaka asubuhi. Wataomba. Na Jumamosi mchana kutwa watasinzia katika mafundisho mliyoyaandaa miezi miwili.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikimbilia nyikani akaomba afe. Mungu hakumpa somo. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, mlimani, baada ya mwendo wa siku 40. Kwa hiyo sisi Ijumaa tunakula, tunaimba nyimbo mbili, tunasoma Zaburi fupi (ya 131 ina mistari mitatu tu), tunazima taa saa tatu na nusu. Kuna mama wa makamo aliniambia kwamba usiku ule alilala saa nane mfululizo kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akasema, "Dada, nimeshapata nilichokifuata, mengine ni nyongeza."

Hatua ya nne: kunyamaza, na tatizo la salamu

Jumamosi asubuhi tunanyamaza kuanzia kuamka hadi saa sita mchana. Kwa mara ya kwanza tulishindwa vibaya, na kilichotushinda ni adabu. Utampitaje mama mtu mzima asubuhi bila shikamoo? Mtu anajiona ametukana. Wengine wakawa wananong'ona, mnong'ono ukazaa habari, habari ikazaa kicheko.

Dawa tuliyoipata ni rahisi. Usiku wa Ijumaa, kabla ya kuzima taa, tunasalimiana salamu za kesho kabisa. Wadogo wanatoa shikamoo zao, wakubwa wanazipokea, tunaulizana za nyumbani mpaka ziishe. Kesho yake ukikutana na mtu unaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, basi. Tangu hapo kimya kikakaa.

Usitarajie utulivu mara moja. Nusu saa ya kwanza kichwa kinapiga kelele kuliko soko la Mwanga. Utakumbuka deni, utakumbuka neno la wifi yako la miaka sita iliyopita. Usipigane nayo. Kila linalokuja liandike kwa neno moja nyuma ya daftari, kisha urudi. Karatasi ile usiitupe, inakuonyesha moyo wako unakaa wapi.

Hatua ya tano: kusoma Neno polepole

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopata faida kubwa kuliko zote. Njia yenyewe ni ya kale. Guigo, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, aliipanga kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Majirani zetu Wakatoliki wanaijua. Na wewe Mpentekoste usiogope, hakuna kidato ndani yake ambacho huna ruhusa ya kukikanyaga.

Chukua mistari 11 tu, Luka 5:1-11, pale Yesu anapomwambia Petro arudi kilindini ashushe nyavu. Isizidi.

Kidato cha kwanza, soma. Mmoja asome kwa sauti, taratibu, wengine wasikilize bila kufungua Biblia. Kaeni kimya dakika mbili. Mwingine asome tena. Sasa kila mtu ataje neno moja au fungu moja lililomshika, bila kulieleza. Bila kulieleza, narudia, kwa sababu daima kuna mzee atakayetaka kuhubiri.

Kidato cha pili, tafakari: ingia ndani ya habari kwa macho yako na mikono yako. Mara ya kwanza tulipofanya hivi kulikuwa na mvuvi wa Katonga, mtu wa maneno machache. Wengine tulitaja "kilindini", tukacheka kidogo, kwa sababu kilindi cha kwetu kinashuka mita 1,470, hakuna nyavu ya kufika huko. Yeye akasema, "Nyavu zilikuwa zimeshaoshwa." Tukamtazama. Akaeleza: usiku kucha umetoka mtupu, umefika ufukweni, umeosha nyavu, umetoa takataka zote, umeanza kuzikunja. Kazi imekwisha, akili imeshafika nyumbani kitandani. Ndipo seremala anakwambia rudi ukazishushe. Tena mchana, jua limetoka, wakati samaki wakubwa kwa wadogo wameshakwenda chini. Hata ukipata, nyavu utaziosha upya. Usipopata, utaziosha upya vile vile. "Petro alikubali kuziosha mara mbili," akasema. "Mimi ningemkatalia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mistari ile, yote yalikuwa ya samaki. Sikuwahi kusikia hata moja la kuosha nyavu.

Kidato cha tatu, omba kutokana na kile ulichokiona, siyo kutokana na orodha uliyokuja nayo. Ombi langu siku ile lilikuwa fupi: Bwana, nyavu gani hiyo nimeshaikunja? Kidato cha nne ni kukaa tu. Dakika kumi, bila maneno. Ukisinzia, umesinzia, amka uendelee. Mtoto akisinzia mgongoni mwa mama yake hajakosa adabu.

Ukiwa peke yako nyumbani yote haya yanafanyika kwa dakika 20. Anza na Injili ya Marko, kipande kwa kipande, usirukie Ufunuo kwa sababu jirani yako ameusikia redioni.

Kuhusu kufunga chakula

Kwa ufupi. Kufunga ni kuzuri, kuwe kwa hiari, na kwa wengi kuruka mlo mmoja kunatosha. Wasiofaa kufunga ni wenye kisukari, vidonda vya tumbo, wajawazito, wanaonyonyesha, na wote wanaomeza dawa za kila siku, ziwe za presha, za TB au za kufubaza virusi. Hao wafunge maneno au wafunge simu. Dawa haiachwi. Ukimsikia kiongozi yeyote, awe na upako kiasi gani, anawaambia watu waache dawa kwa imani, beba mkoba wako urudi nyumbani.

Wapishi nao ni watu. Kama kundi linafunga mchana, jioni lisitake karamu ya pilau kutoka kwa mama wawili waliokesha jikoni. Ugali, dagaa wa mawese, mboga. Kilo moja ya unga kwa watu wanne hivi kwa mlo mmoja. Na wapishi wapangiwe zamu ili nao wakae kwenye kimya. Martha tumemsema vya kutosha.

Hatua ya sita: toba iwe na mikono

Jumamosi mchana huwa tunatoa saa moja ya kila mtu kujichunguza peke yake. Tunatumia maswali matatu tu: Juma lililopita ni wapi nilimwona Mungu? Ni wapi nilimkimbia? Kuna kitu gani mkononi mwangu kisicho changu?

Lile la tatu lilinikamata mimi mwandishi. Nyuma ya daftari, kwenye ile orodha ya maneno yaliyokuwa yakinisumbua kwenye kimya, nilikuta nimeandika "kisado" mara nne. Nitasema wazi. Kwa miaka miwili nilipimia wateja kwa kisado cha plastiki ambacho kitako chake nilikibonyeza kwa ndani kwa maji ya moto. Ukikitazama kwa juu kimejaa mpaka kinamwagika. Kwa ndani panapungua viganja viwili vya dagaa. Nilikuwa na maelezo yangu: kila mtu mwaloni anafanya, bei ya boti imepanda, wateja wenyewe wanatunyonya. Mithali 11:1, ule mstari wa mizani ya hadaa, niliijua kwa moyo. Niliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili mstari huo, nikatoka hapo nikaenda kupima.

Nilimwendea mchungaji jioni ile. Hakunitisha na hakunipapasa. Akaniuliza, "Mama, Zakayo alisema nini akiwa amesimama?" Nikasema alisema atarudisha mara nne. "Na wewe wateja unaowajua ni wangapi?" Tukahesabu, wakawa sita, wengine ni wapita njia, hawatapatikana kamwe. Tukakubaliana: kisado kipya kabla ya kuuza tena hata kimoja, na hao sita wapewe cha kwao kidogo kidogo kwa nyongeza mpaka nitakapomaliza. Hakuniambia nisimame mbele ya watu niseme. Hili waandaaji mlizingatie: toba ya hadharani ya kulazimishwa imevunja nyumba za watu. Dhambi inayomhusu mtu wa tatu, ya ndoa hasa, isitajwe kwenye kipaza sauti. Mahali pake ni kwa mchungaji au kwa mtu mmoja mkomavu, mlango umefungwa, na yeye aliyesikia anyamaze.

Wewe kisado chako ni nini sikijui. Huenda ni stakabadhi, huenda ni mshahara wa msichana wako wa kazi. Andika kitu chenyewe, kinachoshikika. "Nimekuwa mwenye dhambi, Bwana" ni sala nzuri lakini haina mtu wa kumrudishia chochote.

Hatua ya saba: usiku wa mwisho usiweke nadhiri kubwa

Baada ya mafungo yangu ya kwanza kabisa niliahidi kuamka saa tisa usiku kila siku kuomba, kufunga Jumatano na Ijumaa, na kusoma Biblia nzima kwa miezi mitatu. Nguvu ya soda. Siku ya tisa nililala fofofo, siku ya kumi nikaona aibu, siku ya kumi na moja nikaacha yote, hata ile sala fupi ya kulala niliyokuwa nayo tangu utoto. Nilirudi nyuma kuliko nilipokuwa kabla ya kwenda. Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mimi ni shahidi wake.

Uamuzi mkubwa (kuacha kazi, kuvunja uchumba, kuuza kiwanja utoe sadaka) usikatwe mafungoni. Uandike, ukae nao siku 30, umwonyeshe mtu asiyekuwapo usiku ule.

Hatua ya nane: karatasi moja, mistari mitatu

Jumapili, baada ya ibada na kabla ya chakula, kila mtu anapewa kipande cha karatasi. Anaandika mambo matatu tu: lini nitaomba, nitasoma nini, nani ataniuliza.

"Lini" ndiko watu wanakokosea. Vitabu vya ibada vinapenda alfajiri, na Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema sana, Marko 1:35. Lakini mimi alfajiri niko mwaloni. Maboti yanaingia kuanzia saa kumi na mbili, ukichelewa umekosa mzigo, na mwenye njaa nyumbani hatakula sala yako. Miaka mingi nilijiona Mkristo wa daraja la tatu kwa sababu hiyo. Siku hizi saa yangu ni saa nne asubuhi. Dagaa wameshatandazwa kichanjani, jua limeanza kushika, hakuna la kufanya mpaka wakati wa kuwageuza. Nakaa chini ya kivuli, nafunika kichwa kanga, nafukuza kunguru kwa mkono mmoja. Dakika 20. Wenzangu wanajua, hawaniiti.

Kwa hiyo usiandike "asubuhi". Andika jambo ambalo tayari unalifanya kila siku na uifunge sala hapo: nikishabandika maji ya chai, nikishafunga duka, bodaboda yangu ikiwa kwenye foleni ya kijiwe. Dereva mmoja wa kanisani kwetu anaomba kila anapokuwa wa mwisho kwenye foleni. Anasema siku mbaya kibiashara ndiyo anaomba sana, kwa sababu foleni haisogei.

"Nani ataniuliza" asiwe mume wala mke. Awe mtu wa jumuiya yako au wa kwaya, mnaonana kila wiki, na swali lake liwe moja: umekaa mara ngapi? Akishaanza kukuuliza unajisikiaje, mtapiga soga.

Hatua ya tisa: kushuka mlimani

Petro alipouona utukufu mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu. Hakuruhusiwa. Walipofika chini, kitu cha kwanza walichokikuta ni baba mwenye mtoto mgonjwa na wanafunzi waliobaki wakibishana na waandishi, Marko 9. Usishangae basi ukifika nyumbani ukute sinki limejaa vyombo na mzee wa nyumba amenuna.

Osha vyombo. Usiwahubirie. Siku mbili za kwanza usitumie neno "mafungo" kama fimbo, "sisi kule tulifundishwa". Mume wangu aliwahi kuniambia, kwa upole tu, "Mama, umerudi mtakatifu, hongera. Mtoto bado hana daftari." Alikuwa na haki.

Sala ya nyumbani anza nayo wiki ya pili, na iwe fupi kiasi kwamba watoto walalamike imeisha. Wimbo mmoja, mistari mitano, kila mtoto ataje kitu kimoja cha kushukuru, Baba Yetu, kulala. Kitinda mimba wangu alishukuru kwa ajili ya mbuzi wa jirani kwa wiki nzima. Tulimwacha.

Hatua ya kumi: wiki ya tatu, panapokauka

Itafika. Unakaa, unafungua, maneno ni kama ugali wa jana. Haina maana kwamba umetenda dhambi, ingawa unaweza kujiuliza. Mara nyingi ni uchovu tu, au malaria. Soma Zaburi ya 13. Na hali ikiwa mbaya zaidi soma ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila kugeuka kuwa sifa. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo ndani.

Wamoravian, ambao jimbo lao la magharibi makao yake yako Tabora, wana hadithi ya baba zao wa Herrnhut, Ujerumani. Mwaka 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, kila mtu saa yake ya kuomba, na zamu ile ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mtu akiuliza waliwezaje, mimi naona jibu liko kwenye mgawanyo: hakuna aliyebeba zaidi ya saa moja. Sisi wanane wa kamati tuliiga kwa udogo. Saba kati yetu kila mmoja ana siku yake ya kuwaombea wengine, na wa nane anakaa tayari, maana lazima kuna atakayeugua. Yangu ni Jumanne.

Na huku huku ziwani kusini, Karema, kulikuwa na Adrian Atiman. Alitekwa utotoni Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu huko Malta, akaletwa Karema akiwa tabibu na katekista. Alikaa hapo zaidi ya miaka 60, akifunga vidonda na kufundisha katekisimu, mpaka alipofariki mwaka 1956. Nikichoka na miaka yangu michache ya kukaa chini ya kichanja, namfikiria yeye na Jumanne zake.

Hatua ya mwisho: barua

Kabla ya kupanda gari, kila mmoja anajiandikia barua, anaifunga kwenye bahasha na kuandika jina lake juu. Kamati inazitunza. Baada ya siku 40 zinagawiwa kanisani bila tangazo. Unapewa tu mkononi wakati wa kutoka.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Kisado kipya kilinipunguzia faida, na wenzangu wawili mwaloni walininunia kwa sababu wateja walianza kuuliza mbona cha kwangu kinajaza gunia haraka kuliko vyao. "Unatuharibia soko," mmoja akaniambia, na sikuwa na jibu zuri. Katika wale sita, watatu nilikuwa nimemalizana nao. Wa nne, mama mmoja anayechukua mzigo kwa treni kwenda Tabora, alikuwa hajatokea.

Barua yangu ilikuwa na sentensi moja, kwa mwandiko wangu mbaya: "Kile kisado kiko wapi sasa?" Nilisimama nayo mlangoni mwa kanisa. Kilikuwa bado chini ya kitanda changu. Nilikiweka pale siku ile ile niliponunua kipya, nikajiambia huenda kitafaa. Nilifika nyumbani nikakitoboa kwa msumari wa moto matundu matano. Kuku wangu wanatagia humo.